Doa Lisilotembea

Timbwani, Likoni
18 Februari 2024

Mwanangu Ngala,

Nakujua wewe, ukipata barua yangu unaruka mistari ya juu kutafuta habari za jua. Leo usiruke. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa. Dada yako Judy bado anafanya kazi kule Airport, anatoka alfajiri na kurudi jioni akilalamikia miguu, na bado anaimba akipika, kwa hivyo najua hajambo. Kaburi la baba yako tulilipalilia Krismasi. Kwaya inakuulizia. Nawaambia umeenda Ujerumani kusomea jua, wanacheka kwamba umelikimbia jua ukaenda kulisomea kwenye baridi.

Haya. Kioo chako cha kuchujia jua kimefika salama. Nimekivalisha mdomoni mwa ile nusu iliyobaki ya darubini ya macho mawili ya marehemu mjomba wako, kimekaa kama kofia. Unajua mimi miaka ishirini na saba sijawahi kulitazama jua usoni. Nimelitazama likiwa limeangukia karatasini tu, darubini ikiwa imefungwa kwenye kile kiti kisichokuwa na kikalio, na wewe umeshika mwavuli kutupa kivuli, unalalamika mkono unauma. Juzi saa tatu asubuhi nikaweka jicho la kulia, nikaliona lenyewe. Ngala, nilisahau penseli mkononi. Yale madoa niliyokuwa nikiyachora kama vitone vya wino, kumbe kila moja lina pindo lake la kijivu, limechanika-chanika kama ukili wa mkeka mkuukuu. Huku kwenye karatasi pindo hilo nilikuwa nalikisia tu.

Darasani nilikuwa nawaambia watoto kwamba doa si shimo wala si uchafu. Ni mahali ambapo sumaku ya jua imebana moto wa chini usipande, pakapoa kidogo, pakaonekana peusi. Niliyasema hayo miaka mingi kama mtu anayesimulia mji ambao hajaufika. Sasa nimefika. Ahsante, mwanangu.

Kanuni ni ile ile: nachora nilichokiona, sichori ninachokijua. Siku ya wingu naandika Mawingu na kutia sahihi.

Nimekuwekea michoro ya Januari. Usiikunje.

Anayekuombea kila asubuhi,
Shangazi Dhahabu

* * *

Leipzig
24 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Sikuruka mstari hata mmoja. Mpe Judy pole ya miguu, na kwaya uwaambie wana haki ya kucheka. Mwezi huu nimeliona jua siku tano, na siku mbili kati ya hizo lilikuwa jeupe na butu kama sahani ya bati. Nimepata koti zito kwa mwanafunzi aliyehama. Chakula nimezoea, ila mahamri naota.

Sasa habari ambayo nimeibeba wiki mbili. Mwalimu wangu ameiona michoro yako yote, tangu mwaka tisini na saba. Aliipanga sakafuni ofisini, akavua viatu asiikanyage. Akasema mtu mmoja, chombo kimoja, mahali pamoja, saa ile ile, mizunguko miwili na nusu ya jua: kitu kama hicho ni nadra. Kila miaka kumi na moja madoa hujaa na kupungua, na yote hayo yamo kwa mkono wako. Tarehe kumi na mbili Septemba kuna mkutano hapa na nimepewa nafasi kuizungumzia. Kazi yangu yote ya masomo imesimama juu yake.

Kwa hivyo ninakuomba jambo moja. Tangu Februari umebadili njia, unatazama kwa kioo. Usibadili tena mpaka Septemba. Nikipata miezi saba mfululizo ya njia mpya nitaweza kuilinganisha na ya zamani. Ikikatika katikati, haitanifaa.

Na usiwe na wasiwasi na kioo. Nimekitazamia mwenyewe kabla sijakufungia. Ni salama. Niamini.

Mwanao mwenye baridi,
Ngala

* * *

Timbwani
16 Mei 2024

Mwanangu Ngala,

Mvua imetunyanyasa. Bati la jikoni limevuja, Judy ameweka sufuria, na usiku kucha tunasikiliza sufuria. Watu wa bondeni walihamia kanisani siku tisa, tulipika kwa zamu. Mimi mzima, naye Judy mzima, ana mafua. Barua yako ilichukua mwezi kunifikia. Mwanga wa jua unafika Timbwani kwa dakika nane, na hao wa posta bado wanasema wamejitahidi.

Lakini umeliona lile doa? Niambie umeliona! Tarehe mbili wingu lilifunguka robo saa, nikakuta kitone kimechungulia ukingo wa mashariki. Nikakichora bila heshima yoyote. Siku tatu mawingu. Tarehe sita kimekuwa mji. Tarehe tisa nilitoa darubini nikatazama kwa kioo kitupu mkononi, nikaliona hivyo hivyo, doa ambalo ungepanga dunia kumi na tano upande kwa upande zikaenea. Nilimwita Judy atazame naye, akasema anachelewa kazini. Nilimsema.

Likatembea kama yanavyotembea yote, kila siku hatua moja kuelekea magharibi, maana jua linajizungusha na madoa yamo mgongoni mwake. Tarehe kumi na nne lilipinda ukingo likaniacha. Ukihesabu vizuri litarudi karibu na mwisho wa mwezi, kama halijafa huko nyuma. Nalingoja.

Kiti nimekihamisha. Jua sasa linapita kaskazini, upande wa Kisauni, halitarudi upande wetu wa kusini mpaka Oktoba.

Nilisoma mstari wa mwalimu kuvua viatu mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea mchungaji.

Shangazi yako mwenye majivuno,
Dhahabu

* * *

Leipzig
30 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Poleni na mvua. Judy anywe tangawizi.

Nililiona, Shangazi. Nililiona na nikaona na kazi yake. Usiku wa tarehe kumi, mlipuko uliotoka kwenye doa lako ulitufikia na anga ya huku ikawa ya waridi na kijani, pazia kwa pazia. Watu walitoka barabarani na nguo za kulalia. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao nikifikiri: mama mmoja Likoni alikichora hiki tarehe mbili, kikiwa kitone. Nilitamani kuwaambia. Nikawaambia wawili, hawakunielewa.

Na limerudi, umehesabu sawa. Limechoka lakini ndilo.

Kazi inakwenda. Mwalimu amesema nikifanya vizuri Septemba kuna nafasi ya kubaki miaka mitatu zaidi. Niombee.

Mwanao,
Ngala

Nimesahau: ukitaka kupumzisha kile kioo siku moja moja, si vibaya. Njia ya karatasi nayo inatosha. Upendavyo.

* * *

Timbwani
2 Julai 2024

Mwanangu Ngala,

Tumeamka salama, na baridi ya Julai imeingia, najua utacheka nikiita hii baridi. Judy amepandishwa cheo kidogo, sasa anakaa kwenye kiti. Mimi sijambo. Jumapili nilimwachia Pascalia wa kwaya anisomee zaburi yangu, sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Na samaki wa juzi nilimtia chumvi mara mbili, Judy alimmaliza hivyo hivyo, masikini.

Maneno yako ya mwisho nimeyageuza huku na huku. Machi uliniomba nisibadili njia mpaka Septemba. Mei unaniambia nipumzishe kioo, upendavyo. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na moja, namjua mtoto anayeweka jambo chini ya ukurasa akitumaini halitasomwa. Basi nakuuliza wazi: je, hiki kioo kina neno ambalo sijaambiwa? Kama hakina, naendelea nacho, kwa sababu uliniomba. Kama kina, sema.

Nakutumia michoro ya Juni, karatasi ishirini na sita. Siku nne zilizobaki, tatu za mwanzo wa mwezi na moja ya katikati, ni Mawingu. Nimechora nilichokiona, kila siku. Zitazame vizuri hizi za Juni. Zitazame moja baada ya moja, kwa kufuata tarehe, kama nilivyokufundisha.

Nakusubiri.
Shangazi

* * *

Leipzig
9 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na hongera kwa Judy.

Sitazunguka. Nimeitazama michoro ya Juni. Katika kila karatasi kuna doa la kijivu, kulia kidogo ya katikati. Tarehe nne lipo. Tarehe kumi lipo. Tarehe ishirini na tisa lipo pale pale. Madoa mengine yote yanatembea, yanazaliwa, yanavuka ukingo. Hilo limekaa kama msumari. Vituo vingine duniani havikuliona. Haliko kwenye jua, Shangazi, na wewe unajua kuliko mimi kwamba doa haliwezi kusimama siku ishirini na sita.

Basi limetoka wapi? Naona aibu kuuliza. Je, kuna siku ulikuwa unanakili karatasi ya jana? Je, ulichoka ukawa unajaza tu? Nilipokuwa na miaka tisa nilichora madoa matatu siku ya wingu ili tumalize mapema, ukanifanya niandike Mawingu mara mia. Sikutegemea kwamba mimi ndiye ningekuja kukuuliza swali hili.

Mwalimu akiliona atatilia shaka miaka yote ishirini na saba. Nimelifuta. Nimechukua kifutio laini nikaliondoa kwenye karatasi zote kabla hajaziona. Nimefanya hivyo kukulinda.

Tafadhali, Julai na Agosti chora kinachoonekana.

Ngala

* * *

Timbwani
3 Septemba 2024

Ngala,

Nimemtuma Judy aitume hii kwa njia ya haraka, ikufikie kabla ya tarehe yako kumi na mbili. Sisi wazima. Salamu zimekwisha.

Swali langu la Julai hukulijibu. Niliisoma barua yako mara mbili kulitafuta jibu, kisha Judy akanisomea mara ya tatu, na hapo ndipo aliponiuliza kwa nini naishika karatasi upande. Nikamwambia. Alilia, kisha akanipeleka kwa daktari wa macho.

Doa haliko kwenye jua. Liko kwenye jicho langu la kulia. Jua limeunguza nyuma yake, mahali pale pale ninapotazamia. Haliumi, daktari amesema huko nyuma hakuna maumivu, ndiyo maana mtu haambiwi na mwili wake. Nikimtazama Judy usoni kwa jicho hilo, ana masikio na nywele, katikati hana kitu. Hakuna dawa. Nisubiri, huenda litapungua, huenda hapana.

Nililiona tarehe nne Juni. Siku tatu nilidhani ni doa la kweli. Siku ya nne lilikuwa bado halijasogea, nikajua si la jua. Nikaisukuma darubini, likaja na jicho langu. Nikasema labda ni uzee, labda ni mtoto wa jicho, na niliogopa, Ngala, sikutaka kulitamka jina lake mbele ya Judy. Lakini kanuni ni kuchora ninachokiona, basi nikachora. Na nikasema moyoni, Ngala ataona. Yeye ndiye mtu mmoja duniani atakayeona doa lisilotembea na kujua mara moja ni kitu gani. Nilikutumia jicho langu kwa karatasi ishirini na sita. Wewe ukalifuta kwa kifutio laini, ukaniita mwongo.

Ningeishia hapo. Lakini Judy si mtu wa kuishia hapo. Alichukua lile boksi la kioo, akatafuta jina lake kwenye simu. Waliokitengeneza walitoa tangazo: kioo kinapitisha joto la jua lisiloonekana, kiachwe mara moja. Limeandikwa tarehe ishirini na mbili Aprili. Na chini wamesema kila mnunuzi ameandikiwa barua kwa jina lake.

Mnunuzi ni nani, Ngala? Mimi sikununua kitu.

Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Nilikuwa nikiamka kila asubuhi kuweka jicho hapo kwa sababu uliniambia nikuamini. Nilikuamini kuliko macho yangu, na huo si msemo.

Tarehe kumi na mbili utasimama mbele ya watu na karatasi zangu. Sasa unajua zimebeba nini. Fanya utakalofanya ukiwa unajua.

Dhahabu Nguma

* * *

Leipzig
20 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea.

Nimeandika barua hii mara sita. Nyingine zote zilianza na maelezo. Hii nitaianza na majibu.

Barua ya wenye kioo niliipata tarehe ishirini na tatu Aprili. Nilijiambia mimi mwenyewe nimekitazamia mara kadhaa na sikupata kitu. Nilitazama dakika moja hapa, moja pale, na jua la huku lililopauka. Wewe ulikuwa ukitazama robo saa kila siku na jua la Likoni. Hesabu hiyo naiweza, nimesomea. Sikuifanya kwa sababu nilijua jibu lake. Miezi saba ya njia mpya ndiyo iliyokuwa inanifanya niwe mtu hapa. Nilikuandikia ule mstari wa mwisho mwezi wa tano ili siku moja niweze kusema nilikwambia.

Swali lako la Julai nililisoma. Nililiruka.

Na hili ndilo baya zaidi, na nisipolisema sasa sitalisema. Sikudhani kwamba unazusha. Nilipofika karatasi ya tatu ya Juni nilijua ni jicho. Mtu yeyote wa kazi hii angejua. Nilikaa kitini, kisha nikatafuta kifutio. Nilikuita mwongo kwa sababu ukiwa mwongo, mimi sina kosa.

Barua yako ilifika tarehe tisa. Tarehe kumi na mbili nilisimama nikazungumza. Walipiga makofi. Mwalimu alikutaja kwa jina, akasema mwanamke mwenye jicho lisilo na mfano. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nafasi ya miaka mitatu wamenipa. Sijaikubali, sijaikataa. Nakurudishia karatasi za Juni, ni zako. Nimezungumza na daktari wa macho hapa, anaomba picha ya jicho lako, Judy akiweza aitume.

Umenilea tangu nina miaka minne. Sina la kukuambia isipokuwa nimekosa. Naomba unijibu jambo moja tu, hata kwa neno moja. Je, utanisamehe?

Ngala

* * *

Timbwani
8 Desemba 2024

Ngala,

Marahaba. Salamu ya mtoto haikataliwi.

Judy hajambo. Hataki jina lako litajwe nyumbani, na mimi sijamlazimisha. Picha ya jicho ameituma kwa daktari wako, kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Doa limepungua kidogo sana, au nimelizoea. Pascalia ndiye msomaji wa zaburi sasa. Chumvi Judy ananipimia.

Nimerudi kwenye kiti na karatasi. Jua limerudi upande wa kusini. Jicho la kushoto lipo, halikuwahi kuguswa, kwa kuwa darubini ilikuwa nusu na mimi nilikuwa mvivu wa kubadilisha. Mwavuli naufunga kwenye mgongo wa kiti kwa kamba. Mistari yangu ya pembeni imepinda, nimeandika hivyo kwenye kila mchoro: umechorwa kwa jicho la kushoto, tangu Septemba 2024. Atakayekuja kuisoma ajue.

Karatasi za Juni nimezipokea. Nimezipapasa. Ulifuta vizuri, macho hayaoni kitu, lakini mimi nikichora nakandamiza penseli, na kidole changu kinaliona lile bonde dogo kwenye kila karatasi. Nakurudishia zote ishirini na sita. Si zangu tena. Chukua penseli ulirudishe doa mahali pake, moja moja, kwa mkono wako, ukifuata bonde. Kando yake andika ni nini, limetokana na nini, nani alijua na tangu tarehe gani. Tia sahihi. Kisha umpelekee mwalimu wako, akiwa amevaa viatu au amevua. Nafasi yako ya miaka mitatu uikubali au uikatae baada ya hapo, sitakuchagulia. Michoro yangu ya mwaka huu haitakwenda popote ikiwa na pengo la uongo mwezi wa Juni.

Umeniuliza kama nitakusamehe. Nimelitazama swali lako kila asubuhi tangu barua ifike, saa tatu, kabla ya kuchora. Nilitaka niandike ndiyo, kwa sababu nilikubeba mgongoni kutoka mazikoni kwa baba yako. Nilitaka niandike hapana, kwa sababu ya karatasi ya tatu. Yote mawili ningekuwa nachora ninachokijua, si ninachokiona.

Kwa hivyo nakujibu kama nilivyokufundisha ukiwa na miaka tisa.

Mawingu.

Dhahabu Nguma
8.12.2024, saa tatu asubuhi